Siku Niliyokuacha Malindi

Mama yangu wa Makina,

Leo nimefunga mapema kibanda changu cha mapazia hapa Kawangware, wateja wakinuna, kwa sababu kuna jambo limenikaa kooni tangu tukuzike na sina wa kumwambia ila wewe.

Unaikumbuka safari yetu ya Malindi? Mimi ndiye niliyeipanga, na kwa kupanga unanijua. Nilikukuta barazani kwako Makina, hapo Kibera, nikakuonyesha karatasi. Tukodi chumba Malindi siku saba, iwe kambi yetu: mizigo inakaa pale, sisi asubuhi tunatoka, jioni tunarudi kwenye mji uliochangamka. Jumatatu magofu ya Gede, Jumanne Watamu, Jumatano mikoko ya Mida, Alhamisi korongo la Marafa. Ukaniuliza, "Na kupumzika ni siku gani?" Ulisonya, lakini nilikuona umefurahi. Tangu eda ya baba iishe ulikuwa ukitaja bahari kila ukipiga simu.

Tulipofungua mizigo Malindi, kumbe ulibeba jiko. Mama, jiko! Na unga, na mwiko, na zile sahani zako za maua ambazo sisi watoto hatukuruhusiwa hata kuzigusa.

"Mtu haingii pahali kama mwizi," ulisema. "Lazima majirani waonje."

"Lakini hatujahamia, Mama. Ni siku saba tu."

"Na siku saba si siku?"

Basi Jumatatu asubuhi mimi niko na viatu mguuni, wewe unakaanga gurusa, ile mikate yetu myembamba ya Kinubi. Ukapeleka sahani kwa milango yote minne ya ile nyumba. Adhuhuri sahani zikarudi na mahamri na samaki wa kupaka, maana huko pia sahani hairudi tupu. Na wao wakaleta zao, nawe hukuweza kuzirudisha tupu. Gede tulifika jioni, tukaona mawe machache, tukageuza. Watamu hatukufika kabisa, kwa sababu Bi Rukia wa mlango wa pili alikuwa na bi harusi, akakuomba umsaidie kupaka hina. Mida nayo ikapita hivyo hivyo. Ulikuwa unacheka na wale wanawake kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu baba afe. Mimi nilikuwa nahesabu siku zilizopotea. Mjinga wa mwisho.

Alhamisi ulikuwa tayari kabla yangu. Umevaa buibui, mkoba mkononi. Ukasema, "Ngoja nirudishe tu hii sahani ya Bi Rukia, dakika mbili."

Nikawaka.

"Mama, si tulikuja kuona pahali? Hizi sahani hata Makina ziko! Kaa nazo basi."

Nikatoka. Sikugeuka nyuma.

Marafa ni pazuri, sitakudanganya. Ardhi imekatika nyekundu na nyeupe. Nilipiga picha nyingi na kila moja ilinichukiza. Niliporudi ulinipakulia wali, ukaketi, ukaniuliza kama jua lilikuwa kali. Nilikujibu "ndiyo" tupu, nikala nikiangalia simu.

Miezi minne baadaye presha ikakuchukua. Kwenye matanga wanawake wa Makina walinishika mikono, mmoja baada ya mwingine. "Wewe ndio ulimpeleka mama yako Malindi. Mungu akubariki, mtoto." Nikawa naitikia amina, macho chini. Hadi leo nikipita kwako Kibera napitia njia ya nyuma ili wasinishukuru tena.

Wiki iliyopita Bi Rukia alipata habari, akanipigia simu kunipa pole. Alilia kama nduguyo. Kisha akasema, "Mwanangu, siku ile uliyokwenda Marafa nilimkuta mama kakaa kitandani na buibui lake. Nikamuuliza, mbona hukwenda? Akanambia, 'Binti yangu ameenda kuniangalizia njia, kama ngazi ni nyingi. Magoti yangu anayajua. Kesho atanipeleka.'"

Hukumwambia kwamba nilikufokea. Ulinisitiri mbele ya watu, Mama, na mimi nikawa sijui. Sijui pia kama ulisema hivyo kunifichia aibu, au uliamini kweli kwamba nitakupeleka. Hilo ndilo linaloniamsha. Ningejua ni lipi, labda ningeweza kulia nikanyamaza.

Nisamehe. Mola akupe makazi mema kuliko niliyokupa mimi. Ijumaa ile uliamka wa kwanza, ukaoga, ukavaa buibui, ukaketi kitandani ukiningoja. Na mimi, bila hata salamu, siku zetu saba hazijaisha, nikaanza kufunga mizigo ya Nairobi.

Kitindamimba wako