Jicho la Kushoto la Mkanda

Jumatatu, 4 Agosti

Macho ya Mkanda yameingia ukungu. Yote mawili! Rangi ya maziwa yaliyozidishwa maji. Amejikunja pembeni mwa sanduku lake la kioo, wala hataki kunitazama – kama bado anaona. Mimi nami ndivyo nilivyoanza, kabla ya kutolewa mtoto wa jicho.

Mwalimu angejua la kufanya. Chatu huyu, wa ile aina ndogo isiyokua sana, alikuwa wake. Watu wote walimwita Mwalimu, nami mumewe nikamwita vivyo hivyo. Maabara ya shule yao ilipofungwa, alirudi nyumbani na mkoba wa kitambaa, akaniambia kwa upole kwamba tumepata mgeni wa siku chache. Miaka kumi na tisa! Nilimwomba jambo moja tu: kila anapomhudumia, afunge mlango wa chumba. Sikuweza kutazama. Akafunga, miaka yote, bila kunicheka.

Leo ni miezi mitatu na siku sita tangu aniache.

Alasiri. Nimemkuta Mkanda amejitosa ndani ya bakuli lake la maji hadi shingoni. Katika baridi hii! Nikahofia mafua. Nimeliondoa bakuli, nimemwachia kikombe kidogo cha kunywea, kisha nimemsogezea hita ya umeme. Nimemwomba radhi kwa usumbufu.

Jumatano, 6 Agosti

Fundi cherehani wa hapo mbele ameniamkia barabarani kwa sauti ya kusikika hadi sokoni. Shikamoo Mzee, na mke mwenza hajambo? Nikamjibu kwamba hajambo, ahsante, macho tu ndiyo yanamsumbua. Mafundi wake walicheka hadi cherehani zikanyamaza.

Binti yangu amepiga simu. Nimekula? Nimekula. Nimelala? Nimelala. Na yule mnyama? Nikasema kweli, maana nililelewa na mapadri na uongo hunitoa jasho.

"Baba, Mama hayupo. Utamuweza wewe?"

"Nitafikiri, mwanangu."

"Umefikiri miezi mitatu, Baba yangu."

Mumewe amezungumza na bustani ya wanyama. Wako tayari kumpokea. Tumekubaliana hivi: Jumamosi ya tarehe 16 mkwe wangu atakuja. Akimkuta Mkanda ni mzima, nami naweza kumshika kwa mikono yangu, anabaki. La sivyo anaondoka naye siku hiyo hiyo.

Nikasema ndiyo. Siku zote mimi husema ndiyo kwanza, kisha nahuzunika baadaye kwa utaratibu.

Sikumwambia sababu. Ningeisemaje kwenye simu? Kwamba katika nyumba hii hakuna kiumbe mwingine aliyeijua mikono ya mama yake kila siku. Kuta haziijui. Viti haviijui.

Ijumaa, 8 Agosti

Macho yamesafika! Meusi, yanang'aa kama vishikizo vipya. Nimeshukuru kwa magoti, nikashindwa kuinuka, nikashukuru tena kwa kuwa tayari nilikuwa pale.

Jumapili, 10 Agosti

Kanisani. Mahubiri marefu, nikasinzia kidogo, Mungu anisamehe.

Niliporudi nikafungua kabati. Sweta la Mwalimu la kahawia nimelihifadhi katika mfuko wa plastiki nilioufunga kwa uzi wa kushonea vitabu. Nafungua kila Jumapili. Pumzi moja tu, kisha nafunga haraka, nisije nikaimaliza harufu yake. Leo nilivuta mbili. Sina udhuru.

Jumatatu, 11 Agosti

Mambo yameharibika. Mkanda anajivua gamba, lakini gamba halitoki kama inavyotakiwa. Nakumbuka Mwalimu alivyokuwa akitoka chumbani amelibeba zima, kutoka pua hadi mkia, jepesi, akilipeperusha mezani kama soksi ya malaika. Hili limepasuka vipande vipande. Limekauka mgongoni, limekunjamana ubavuni. Kwenye ncha ya mkia limebaki kama pete. Na jicho la kushoto halijafunguka – utando wa zamani umeng'ang'ania juu yake.

Nilinyoosha kidole nivute kipande kimoja. Nikakirudisha. Nimejalidi vitabu miaka arobaini katika kiwanda cha chapa cha misheni. Ngozi kavu iliyoshikana na gamba la kitabu haivutwi. Ukivuta, unaondoka na maandishi. Unailowesha, unasubiri. Lakini kitabu hakipumui.

Jumanne, 12 Agosti

Nimemwita daktari wa mifugo. Binti mdogo, buti za mpira, pikipiki. Alinitahadharisha tangu mlangoni: "Mzee wangu, mimi wa kwangu ni ng'ombe na kuku. Lakini tuone."

Akaona. Akauliza maji yako wapi. Nikaonyesha kikombe.

"Hiki? Si cha dawa ya kikohozi?"

"Nilihofia mafua, Daktari."

Aliziba mdomo kwa daftari. Mabega yakamtikisika. Kisha akanieleza taratibu, nami namshukuru kwa hilo: ule ukungu haukuwa ugonjwa, ni dalili ya kwamba gamba jipya linajitengeneza chini. Bakulini hakuwa anaoga kwa upuuzi. Alijua haja yake. Mimi nimemnyang'anya maji kwa huruma, kisha nikamkausha kwa hita!

Maagizo yake: maji ya vuguvugu, yafike nusu ya unene wa mwili wake, nusu saa, asubuhi na jioni. Halafu apite mwenyewe ndani ya kitambaa kibichi chenye kukwaruza. "Wewe shika tu, Mzee. Kazi aifanye yeye." Jicho nisiliguse kwa kucha, nitampofusha. Mkia usipofunguka, damu itakatika na ncha itakufa.

"Nani alikuwa anamfanyia haya zamani?"

Nikamwambia ni marehemu mke wangu. Akavua kofia.

"Pole sana, Mzee. Basi anamtafuta."

Aliondoka na pikipiki yake. Basi anamtafuta. Hata mimi, mwanangu.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimemshika. Naandika tena: nimemshika! Kwa mikono miwili, nikiwa nimevaa koti la kanisani, sijui kwa nini – nadhani niliona ni vizuri kujitambulisha rasmi. Si baridi wala si utelezi kama nilivyoamini miaka kumi na tisa. Ni mzito kiasi, mkavu, na ndani yake kuna nguvu inayokwenda polepole. Alitetemeka, au ilikuwa ni mimi kwa wote wawili.

Kuoga kumempendeza. Gamba la mgongoni limeanza kulegea. Lakini taulo amelikataa kabisa. Kila nikimfunika, anajiviringisha kama mpira, anaficha kichwa katikati. Jana mara mbili, leo mara mbili. Pete ya mkia iko pale pale. Jicho hivyo hivyo.

Saa nane mchana nikafungua kabati. Si Jumapili, najua. Nilihitaji.

Safari hii sikuishia kwenye kola. Nikaingiza mkono ndani ya mkono wa sweta, nilitaka tu kukaa humo kidogo. Vidole vikagusa kitu kikavu, chembamba. Nikaligeuza sweta ndani nje, dirishani kwenye mwanga. Nyuzi za mkono wa kushoto zimevutika mstari mzima, kutoka kwenye pindo la kiganjani hadi kwapani. Na katikati ya nyuzi – vipande vidogo vya gamba, vilivyokaa kama maganda ya kitunguu.

Nikaketi kitandani.

Kwa hiyo ndivyo alivyofanya. Alikuwa akilivaa. Alimpitisha Mkanda mkononi mwake, kati ya sufu na ngozi yake, hadi atoke begani akiwa mpya. Nyuma ya mlango niliomwomba mimi aufunge. Ningeweza kukaa pale, kitini, miaka yote ile, nikimtazama. Angenieleza. Alipenda sana kueleza. Na harufu ninayoihifadhi kwa uzi si yake peke yake. Ni ya wote wawili.

Sasa naandika jambo ambalo sitamwambia mtu. Ili lifanye kazi sharti liloweshwe, kwa maji ya vuguvugu, likamuliwe, liloweshwe tena. Sufu haitunzi harufu majini. Najua. Nimefua nguo zangu mwenyewe miezi mitatu.

Nimelirudisha mfukoni. Nimefunga uzi. Kisha nimekaa nalo magotini hadi chai ikapoa.

Ijumaa, 15 Agosti

Sijaweza. Samahani, Mkanda. Ncha ya mkia imeanza kubadilika rangi.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimelilowesha. Saa moja asubuhi, kwenye beseni, mara moja bila kusali kwanza, maana ningesali ningepata sababu. Maji yalitoka rangi ya chai nyepesi. Nilinusa. Sufu mbichi tu.

Nikalivaa. Linanibana mabegani, alikuwa mwembamba. Nikaketi kwenye kiti chake, nikaweka mkono wa kushoto mezani, nikamsogeza Mkanda hadi kwenye pindo la mkono wa sweta. Alitoa ulimi mara moja. Mara mbili. Halafu akaingia – kama mtu anayerudi chumbani kwake!

Naandika kwa mkono wa kulia. Ule mwingine ni wake kwa sasa. Anapanda polepole mno, nahisi kila sehemu ya mwili wake kwenye ngozi yangu, na nyuma yake sufu inabaki na magamba. Pete ya mkia imetoka. Nimeiona kwenye nyuzi, imevuliwa nzima.

Amefika begani. Kichwa kimetokea kwenye kola, karibu na shavu langu. Jicho la kushoto lingali na utando, lakini ukingo mmoja umeinuka. Anausugua kwenye mshono, anapumzika, anausugua.

Gari limesimama nje. Mlango wa gari. Mkwe wangu ni mtu wa saa, namheshimu kwa hilo.

"Hodi! Baba, shikamoo! Nimekuja na kikapu."

Nikiitika, sauti itamshtua. Nikiinuka, atarudi chini.

Hodi ya pili. Tangu nizaliwe sijamwacha mtu amesimama mlangoni mwangu. Leo namwacha.

Anasugua tena. Polepole, bwana mkubwa, polepole –