Ngozi ya Bihogo

Rooty Hill,
Sydney.
Alhamisi, 9 Septemba 2021

Mpendwa kaka yangu Ludovick,

Sasa hivi, kalamu haijagusa karatasi, Hope amekuja na mdoli wake amemfunga kitenge changu cha jikoni, kile kinachonuka vitunguu. Akamsukumia kifuani kwangu, akaniambia kwa Kiingereza chake ninuse. Nikanusa. Akasema, haya, sasa huyu ni mtoto wako, mnyonyeshe. Nikabaki nimemshika mdoli kama mjinga. Hiyo ni kazi ya barua yako, kaka, ile ya mwanakondoo yatima aliyevishwa ngozi ya mwenzake aliyekufa ili mama kondoo amkubali. Nilimsomea mara moja tu, naye ana miaka minne, lakini imemkaa kichwani kuliko jina la mtaa wetu.

Nimetanguliza mtoto kabla ya salamu, utanisamehe. Shikamoo kaka. Hujambo huko mlimani? Kifua kimepona? Wifi Apondi naye anaendeleaje, amezoea upepo wa Uskoti au bado analala na soksi mbili? Na mbwa wako Moss, ule mguu alioubana kwenye ukuta wa mawe umeunga vizuri? Sisi huku wazima kwa neema ya Mungu. Shemeji yako Benjamin anapimwa kila mara kabla ya kuingia kazini, kwenye ghala la Seven Hills, na mpaka leo hana korona. Mimi na Hope tumo ndani tu.

Tumefungiwa tangu mwezi wa sita. Mitaa yetu ya huku magharibi imebanwa kuliko ile ya baharini. Kutoka kutembea ni saa moja tu kwa siku, usiku hakuna kutoka kabisa, na helikopta inapita juu inatuangalia. Nikiisikia nakumbuka ulivyoniandikia kwamba jioni unapanda kilimani kuhesabu kondoo. Namwambia Hope, simama wima mwanangu, tunahesabiwa.

Barua yako ya mwezi wa saba ilichukua wiki sita kufika, ndege zimekuwa chache. Niliisoma nimesimama mlangoni. Nilifurahi kusikia kwamba manyoya yamenyolewa yote kabla ya mvua, na kwamba ule ukuta wa mawe uliobomolewa na theluji umeujenga upya kwa mikono yako bila hata tone la saruji. Nilicheka sana pale yule mzee mwenye shamba alipouzunguka, akautikisa, akasema tu kwamba si mbaya, kisha wenzako wakakupongeza kwa kuwa huyo mzee hajawahi kumsifu mtu namna hiyo.

Lakini mwishoni uliandika kwamba mipaka ikifunguliwa utakwenda kwetu Muleba, ukae kwenye kigoda nyuma ya nyumba umkamue Bihogo mwenyewe, na Bihogo akulambe shingo kama zamani. Hapo niliikunja barua. Nimeikunja na kuikunjua wiki mbili sasa.

Kaka, Bihogo hayupo. Alikufa Aprili mwaka jana. Na aliyesema achinjwe ni mimi.

Ngoja nikueleze yote, usiweke barua chini.

Ilikuwa saa tisa alasiri kwa hapa, kwetu asubuhi. Hope alikuwa na homa kali, ndio tumerudi kutoka kwenye foleni ya kupimwa, nami nilikuwa nimeshika kitambaa cha maji kwa mkono mmoja na simu kwa mkono mwingine. Baba mdogo Elkana alikuwa akipiga kelele kama kawaida yake, maana anadhani simu ya mbali inataka sauti kubwa. “Koku! Ng'ombe wa kaka yako anahangaika kuzaa tangu alfajiri, umetoka mguu mmoja tu! Bwana mifugo hapatikani, amesafiri. Mchinjaji yupo hapa. Ludovick simu yake haiiti. Wewe ndiye damu yake, sema neno!”

Nikakupigia. Mara mbili. Nilijua uko kule juu kwenye kibanda cha mlimani, kondoo wanazaa, na kule hakuna mtandao. Ningeweza kumpigia wifi amtume mtu akuite. Ningeweza kungoja saa moja. Hope alikuwa akilia, na Baba mdogo alikuwa akipiga kelele, na nyuma yake nilimsikia Bihogo mwenyewe. Nikasema, “Chinjeni.”

Nilidhani ndiyo huruma. Nilidhani hakuna njia nyingine, kama mguu umetoka mmoja basi mambo yamekwisha. Mimi niliishia darasa la saba, kaka, na ng'ombe nilizoea kumpelekea maganda ya ndizi tu, kumzalisha sijui.

Halafu Machi mwaka huu ikaja ile barua yako ndefu, ya ng'ombe wa yule mzee, aliyekwama kuzaa. Uliandika kila kitu, kwa sababu ulikuwa na furaha. Mguu mmoja umetoka, wa pili umekunjwa ndani. Ulinawa mkono kwa sabuni mpaka begani, ukamrudisha ndama nyuma kidogo, ukaifunika kwato kwa kiganja isimchane mama, ukaunyoosha mguu, ukafunga kamba, na kabla chai haijapoa ndama alikuwa amesimama. Ukaandika, “Ni kosa la mguu tu, si kosa la ng'ombe.” Nilisoma mstari huo nikakaa chini sakafuni. Hope alidhani ni mchezo, akaja kukaa nami.

Baba mdogo angeweza kufanya vile. Mikono yake ni myembamba na ana subira. Alihitaji tu mtu wa kumwelekeza, na mtu huyo ni wewe, na mlango wa kukufikia ni mimi, nami niliufunga.

Ndama alitolewa tumboni akiwa hai. Ni jike, mwekundu kama udongo wa kwetu, kama mama yake. Baba mdogo alimlea kwa maziwa ya ng'ombe wa jirani, akitumbukiza vidole kwenye ndoo ili ajifunze kunyonya. Sasa ni mtamba wa mwaka mmoja na nusu.

Sasa nifike kwenye kosa langu kubwa, maana la kwanza nililifanya kwa haraka, lakini hili nimelifanya kwa utulivu, mwezi baada ya mwezi. Kila ulipoandika “Bihogo anaendeleaje?” nilikujibu habari za mtamba. Nilisema anakula vizuri. Nilisema ameongezeka mwili. Nilisema ameruka ua na kula migomba michanga ya Baba mdogo, na wewe ukashangaa kwamba ng'ombe mzima bado ana utoto. Yote yalikuwa kweli, ila hayakuwa ya Bihogo. Hata ile picha. Uliniuliza mbona pembe zimekuwa fupi, nikakujibu imepigwa kwa mbali. Wewe unayetambua kondoo mia sita kwa nyuso zao! Wakati mwingine nafikiri ulijua, ukaninyamazia ili niseme mwenyewe. Kama ulijua, ulinisubiri sana.

Uliandika kwamba kumvisha yatima ngozi ya marehemu si ulaghai, ni rehema, na mama kondoo hapati hasara. Lakini uliandika pia kwamba baada ya siku mbili tatu ngozi lazima ivuliwe, maana ikikaa inaoza na kumdhuru aliyeivaa. Mimi sikuivua, kaka.

Na Baba mdogo nilimdanganya vilevile. Aliponiuliza, “Umemwambia mwenyewe?” nikajibu, “Nimemwambia, amesema sawa.” Unaijua desturi ya kwetu. Ng'ombe wa kutunziwa akifa, mtunzaji humwonyesha mwenyewe ngozi. Mwenyewe huishika, husema “Nimeiona,” na shauri limekwisha. Basi Baba mdogo ameikausha, ameitundika kwenye boriti juu ya jiko. Wanunuzi wa ngozi wamekuja kutoka Kamachumu mara mbili, akawafukuza. Nyama yake, watu walionisimulia wanasema, hakuonja hata kipande. Na mtamba hajampa jina, kwa sababu wa kumpa jina ni mwenye mama yake. Anamwita “wewe.” “Wewe, toka huko! Wewe, njoo unywe!”

Ulipoongea na Baba mdogo Krismasi kwa simu, ikawa inakatika kila neno la pili, nilimshukuru Mungu kwa mtandao mbovu. Nilifikia hapo.

Kilichonivunja ni Jumapili hii iliyopita. Nilimpigia Baba mdogo kumuuliza hali, maana amekuwa akikohoa. Safari hii hakupiga kelele. Akasema polepole, “Koku mwanangu, kaka yako ni mwaka na nusu hajanitumia jina la mtamba. Kama amenikasirikia aseme, mimi ni mzee, nitavumilia. Lakini sikumchinja ng'ombe wake kwa tamaa ya nyama.” Kumbe muda wote huo nilipokuwa naogopa hasira yako, yeye ndiye aliyekuwa akiibeba, hasira ambayo hata wewe mwenyewe huna.

Nilitoka nje kuanika nguo ili Hope asinione. Jirani yetu Léonie, yule dada wa Burundi ninayekuandikia habari zake, anayehudumia wazee, alikuwa upande wa pili wa ua. Hatutembeleani siku hizi, tunaongea juu ya mbao tu kama kuku. Aliniona macho. Nikamwambia yote. Nilitegemea anipe pole. Loo! “Dada, kwetu ng'ombe ya mtu ikikufa unakimbia kumwambia mwenyewe hata viatu hujavaa. We ulienda kuvaa viatu gani, mwaka mzima na nusu?” Nilicheka na machozi yakitoka. Akaendelea, “Cheka tu. Ukimaliza kucheka, andika.”

Jumatatu nilimpigia Baba mdogo tena, nikamwambia ukweli. Nilimwambia wewe hukujua lolote, hukukasirika, hukukataa kutoa jina, ni mimi. Akasema, “Basi sasa mwambie na mwenzio. Mimi nitaishusha ngozi niipake mafuta, isije ikamfikia imepasuka.” Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Ningeweza kukupigia na wewe. Nimejaribu mara tatu. Ukisema tu “Koku, za huko?” ulimi wangu unakimbilia ule uongo wa zamani, umeshazoea njia. Karatasi ndiyo inayonishikilia, nikishaandika siwezi kulivuta neno nyuma.

Nakuomba mambo mawili, kaka. La kwanza, Jumapili ukishuka mjini kwenye mtandao, mpigie Baba mdogo. Mwalimu wa shule ya jirani ana simu ya picha, amekubali kwenda kumsaidia kuishika. Atakuonyesha ngozi. Najua huwezi kuigusa, lakini sema tu lile neno, “Nimeiona,” na umwambie kwa kinywa chako kwamba hukuwahi kumkasirikia. La pili, mpe mtamba jina. Anakaribia kupelekwa kwa dume, na Baba mdogo anasema hawezi kuzaa akiitwa “wewe.”

Mimi siombi chochote kwa ajili yangu. Ukitaka kukaa kimya miezi kadhaa, nitakuelewa, na nitaendelea kukuandikia habari za Hope. Lakini kwa Baba mdogo usikawie.

Nakumbuka siku uliyoondoka. Ulimkabidhi Bihogo kwa Baba mdogo, ukanigeukia mimi ukasema, “Koku, wewe utakuwa sikio langu.” Sikufanya vizuri kazi hiyo. Nikipewa nafasi nyingine nitaifanya vizuri. Siku mipaka ikifunguliwa, ndoto yangu ni tukutane Muleba sote, Hope aguse ng'ombe wa kweli, maana hapa anawaona kwenye pakiti za maziwa tu. Nawe utufundishe mimi na Baba mdogo jinsi ya kuukunjua mguu uliokunjwa, kwa mikono yetu, ili siku nyingine simu isipoita tujue la kufanya.

Benjamin anakusalimu sana, anasema kama barua hii itakuudhi basi ukumbuke yeye ni mbeba barua tu. Léonie anakusalimu bila kukufahamu. Hope anakutumia mchoro wa Moss, usishangae ana miguu mitano, anasema mmoja ni wa akiba. Mpe wifi Apondi salamu zangu za upendo, na umwombe asinihukumu kabla wewe hujamaliza kusoma. Mungu awalinde huko kwenye ukungu, awalinde kondoo na wanaowachunga, na afungue njia zilizofungwa, za ndege na zetu sisi.

Mimi mdogo wako, nikupendaye hata siku zile nilipokuficha ukweli,

Kokushubila

Benjamin yuko mlangoni ameshavaa barakoa, anasema ataipitisha posta akienda kazini, nimpe sasa hivi kabla sijabadili mawazo. Nakuja, nimemwambia nakuja. Nimesahau jambo ambalo lazima ulijue: Baba mdogo anasema ukiinama karibu na mtamba, iwe unakata majani au unachota maji, anakuja polepole kwa nyuma yako, bila kufundishwa na mtu, halafu anaanza kukulamba