Mulinda Goli wa Nyumba Mbili

Keshero, Goma

Mama yangu mupenzi,

Salamu zangu zikukute umekaa vizuri, chai iko karibu. Mugongo wako unasemaje? Na maharagwe, mvua iliyaonea huruma ao iliyalaza chini? Mimi ni muzima sasa. Nasema "sasa" ju nilikuwa mugonjwa, lakini tafazali usianze kulia kabla shangazi Furaha hajamaliza kukusomea. Simu ya Papa ikilia nyumba nzima inatega sikio, ndiyo maana naandika.

Chumba changu kiko juu ya yale mawe meusi ya volkano. Unafagia asubuhi, jioni vumbi limerudi. Mbele ya masomo tunakimbia mazoezi ya timu ya fakilte yetu ya chuo, ju bado nalinda goli. Saa za somo la shimi macho yanajifunga yenyewe, asista, musaidizi wa profesa, anaita, "Wewe wa goli, amka, mupira uko huku!" na watu wote wanacheka. Jioni napika bugali ya mutu mumoja. Mama, bugali ya mutu mumoja haina utamu. Unakula, hakuna hata wa kukugombeza kama umemaliza mboga.

Hapa mwanafunzi haishi bila mutuelle. Ni jamaa ya wanafunzi wa kwenu: ukiugua wanakubeba, ukifiwa wanalia na wewe. Siku moja, nje ya darasa, nilisikia mutu anagombeza mwenzake kwa Mashi, lugha ya kwenu, kabisa vile wewe unagombeza mbuzi. Miguu ilienda yenyewe. Walikuwa wale wa Bukavu. Mukubwa wao, Cirhuza, aliposikia najibu kwa Mashi na kusema ni lugha ya mama, alinikumbatia: "Kumbe ni mutoto wa dada yetu!" Wakanipeleka Himbi, kwenye ua wanakokutana kila Jumamosi, tukala bugali na sambaza mpaka kesho yake vidole bado vinanuka samaki. Nililala vizuri ile siku.

Juma lililofuata wale wa Rutshuru, upande wa Papa, nao wakanikamata. Mukubwa wao anaitwa Innocent. "Mutoto wa Kalengera anatembea kama yatima na sisi tuko?" Nikala kwao pia, maharagwe na viazi, nikaongea Kinyarwanda, nikacheka sana. Mimi nilifikiri chakula ni chakula. Kumbe hapa bleu, ndivyo wanavyotuita sisi wapya, akishakula kwa mutuelle amekwisha kuingia. Nilikuwa nimefunga ndoa mbili bila kujua!

Kisha yakaja mashindano ya mutuelle. Wote wawili walinitia golini, na ole wangu, wakapangwa kucheza wao kwa wao. Asubuhi ya mupira Cirhuza na Innocent walikutana mulangoni pangu, kila mutu na jezi mukononi.

"Huyu ni wetu," Innocent akasema. "Baba yake ni wa wapi?"

"Na mama yake je? Alimuokota njiani?"

Nikawaambia niko na interro, mutihani mudogo wa shimi, saa ile ile, na ilikuwa kweli. Wakatupa jezi zao juu ya kitanda changu; nikawaacha pale, nikakimbia. Interro nilipita vizuri, Papa afurahi. Lakini tangu ile siku wananiita Popo: si ndege, si munyama. Nikifika mahali, maneno yanaisha.

Halafu malaria ikaniangusha. Hakuna aliyekuja. Nilikuwa nasikia watu wanapita njiani wakicheka, nawaza pengine ni wao, mulango utagongwa. Nililia, Mama, sitakuficha. Mwishowe Cirhuza akaja kuchukua jezi yake, na Innocent, naye kwa jezi yake, akamukuta pale, amesimama tu ananiangalia.

"Sisi tulijua uko kwa wale," Cirhuza akasema.

"Na sisi tulijua yuko kwenu!" Innocent akamujibu.

Wakanibeba mpaka kituo cha afya, wakigombana njia nzima. Mama muuguzi akauliza, "Mutu wa kwao huyu mugonjwa ni nani?" Kila mumoja akamuangalia mwenzake. Nikajibu mwenyewe: "Hayuko." Cirhuza akainamisha kichwa.

Sasa wamekuwa wapole wote wawili, lakini sheria ni sheria, mutu hawi wa mutuelle mbili. Jumapili inayokuja bleus watasimama juu ya benchi, kila mutu ataje kwao. Nitataja Kalengera. Mutoto ni wa baba yake, wewe mwenyewe ulitufundisha. Nilimuambia Cirhuza, akasema "Sawa," akaenda zake. Jumamosi nilipita Himbi, nikasimama kidogo nje ya ukuta, nikawasikiliza wakigombana kwa Mashi. Halafu nikarudi kusoma.

Nisalimie Papa, umuambie viatu vya mupira bado vinavumilia. Nisalimie nyanya, na shangazi Furaha, musomaji wetu, asiruke maneno.

Na wewe Mama, kuna jambo sijakuuliza hata siku moja. Ulipofika Kalengera ukiwa bibi arusi, nani alikuwa anaongea na wewe Mashi? Nikikumbuka vizuri ilikuwa mbuzi tu, mpaka mimi nikajua kusema. Na sasa nimeondoka.

Mutoto wako,
Bahati