Nguzo Tuliyoiita Mama

Tabora,
9 Novemba 2025.
Mwaka wa thelathini na moja tangu niondoke Busia.

Mpendwa mwanangu Teopista,

Salamu zangu zikukute mzima hapo Tororo, wewe na mama yako Justine. Magoti yake yamepata nafuu? Mimi sijambo, ila macho yananilazimisha kusomea dirishani. Mvua zimeanza huku, na zikianza mimi silali vizuri. Sababu utaiona.

Ule mchezo wenu nimeucheza. Jirani yangu Nasifa aliniwekea kwenye kompyuta yake, nikashindwa vibaya, akanicheka. Milima uliyoichora humo ni vilima vya Tiira tupu, kule kwetu Busia.

Sasa swali lako. Falme mbili zinashindana. Mmoja ukigundua ufundi mpya, mpinzani aupateje? Wewe unasema asiupate kabisa, kila mtu ale jasho lake. Mwenzako anasema abonyeze kitufe, apewe hapo hapo. Na kwa ubishi huo mnataka kugawana: wewe uondoke na michoro, yeye na programu. Nilitaka kukujibu kwa mistari miwili. Kisha nikaliona jina lake: Jovan, mwana wa Etyang wa Paya. Nikavua miwani.

Wewe unajua kwamba baba yako alifia shimoni. Ilivyokuwa, hukuambiwa.

Baba yako Bwire, kaka yangu, alikuwa na shimo la dhahabu Tiira, na Etyang alikuwa na lake upande wa pili wa kilima. Watu wa Bwire walijua kuchimba ubavuni, kuufuata mshipa wa dhahabu chini kwa chini. Kila walipoendelea mbele kidogo waliacha nguzo nene ya udongo, hawaigusi hata ikimeta. Nguzo hiyo waliiita mama, kwa sababu ndiyo iliyowabeba wote.

Etyang akaja kutazama, kama wapinzani wanavyotazamana. Kuona hakukatazwi. Akaelewa yote isipokuwa jambo moja, akauliza.

"Nyinyi nawacha hii udongo ya nini? Si iko na dhahabu ndani?"

"Hiyo?" akasema baba yako. "Kamuulize mama yako!"

Wachimbaji wote wakaangua kicheko. Etyang naye akacheka, akaenda zake. Teopista, jibu alikuwa amepewa. Neno lilikuwa lile lile, mama, ila yeye alilipokea kama tusi la utani.

Akachimba kama sisi, tena kwa kasi kutuzidi, maana hakubakiza kitu. Mvua za Novemba zilipokuja, upande wake ukaporomoka, na ndipo tukajua kwamba mashimo yale mawili yalikuwa yamekaribiana huko ndani, bila mtu kujua. Kilima hakikubagua. Kilimchukua Etyang, kikamchukua na Bwire. Tulifukua pamoja, sisi na watu wa Paya. Tuligonga mwamba, tukagongewa kutoka ndani. Tukagonga, tukagongewa. Halafu tukawa tunagonga tu.

Baada ya mazishi kila ukoo ulidai mwingine ndio ulioua. Mimi nikafunga mzigo. Nikavuka mpaka, na sikusimama hadi hapa. Mvua ikinyesha usiku husikia sakafu ikigongwa. Huinuka, nikaitikia kwa kisigino.

Basi mchezo wenu uwe hivi. Anayeiba ufundi kwa macho aupate upesi, lakini bila mama yake: ufanye kazi vizuri mpaka mvua zije. Anayefundishwa aupate polepole na mzima, na mwalimu apoteze zamu zake akifundisha, maana kufundisha ni kazi. Kitufe cha Jovan kitawafanya watu wakae tu, kila mmoja akingoja mwenzake agundue. Na huo ukuta wako wa kumnyima mpinzani kabisa nao hauzuii macho. Mchezaji aruhusiwe kukataa, lakini akatae waziwazi; asimjibu mpinzani kwa fumbo. Na chini ya falme zote mbili iwe ardhi moja. Wa jirani ukibomoka, na wako utikisike.

Msomee Jovan barua hii kabla hamjagawana chochote. Yaelekea aliambiwa kwamba baba yake alitukanwa. Mweleze kwamba lile lilikuwa jina la nguzo. Wewe umwambie, maana wewe ni wa Bwire na deni la neno hilo halina mwingine wa kulilipa.

Nisalimie mama yako, shangazi Awor kule Majanji, na Vincent na watoto wake. Mungu awaimarishie ardhi mnayoikanyaga.

Umeniomba nije siku mtakapouonyesha mchezo, halafu tupande wote Tiira. Nimekuwa nikiizunguka sehemu hiyo ya barua yako kwa siku nyingi, na wewe nimekushauri kutojibu kwa fumbo.

Sitarudi.

Ni mimi nikupendaye,
baba yako mdogo,
Oundo