Mdakaji wa Msimu Huu

Mpendwa Baba Lindiwe,

Kwa taadhima yote ninayoweza kuikusanya nikiwa nimevaa ndala, nakujulisha kwamba Kikosi Bora cha Msimu cha klabu yetu ya besiboli kilitangazwa rasmi Jumapili. Walihudhuria watu kumi na wanne, na mbwa wa mlinzi.

Safari hii nilichagua peke yangu. Miaka yote tulikaa wawili mezani jikoni, hapa Soweto, mimi na daftari la matokeo, wewe na kalamu. Mimi nataja, wewe unaandika. Mrushaji, besi ya kwanza, ya pili, mpaka wale watatu wa nyuma kabisa ambao kazi yao kubwa ni kusubiri. Kila jina uliliandika kwa mwandiko wa cheti cha ndoa, na tukikaribia mdakaji unapunguza mwendo.

"Na mdakaji?"

"Vusi."

"Una hakika, Mama Lindi?"

"Baba Lindi, wewe mipira inakupita kama magari yaliyoona roboti ya barabarani imewaka kijani."

Ukacheka, ukaandika Vusi. Mwaka uliofuata ukauliza tena. Misimu kumi na saba.

Na mimi ni mtu uliyenitoa Morogoro sijui mchezo wowote unaochezwa kwa fimbo. Siku ya kwanza uwanjani nilipewa daftari kwa sababu nilikuwa na kalamu. Kanuni niliwauliza wake wa wapinzani, nao wakanidanganya nusu. Nusu iliyobaki nilijifunza kwa kubishana na mwamuzi. Lakini macho yangu, nikishika daftari, hayakuwa na mume. Nilimwona Vusi akichuchumaa nyuma ya mpigaji, akidaka hata mipira iliyokusudiwa majirani. Nilikuona wewe ukichuchumaa, magoti yakalia mpaka tukayasikia kwenye benchi.

Siku moja tukikunja nguo ukaniambia hutaki kuingizwa kwa huruma. "Siku ukinitaja, nijue umeniona."

Nilikuona, Baba Lindiwe. Kila Jumapili nilikuona. Nilidhani kukutaja kunaweza kusubiri.

Mwaka huu ulicheza mechi mbili, kisha moyo ukasimama Alhamisi asubuhi ukiwa unafunga kamba za viatu. Viatu vyenyewe bado viko mlangoni. Lindiwe aliniomba, kwa Kizulu chake, tuvigawe. Nikamjibu kwa Kiswahili changu kwamba bado. Ndivyo tunavyoishi siku hizi, kila mtu na lugha yake, nyumba imekuwa kubwa.

Kamati ikaniita. Wakanikumbusha kwamba mwanachama aliyecheza msimu huu, hata mechi moja, anaruhusiwa kuchaguliwa. Walisema hivyo wakitazama viatu vyao. "Eish, Mama," mwenyekiti akasema, "hatukulazimishi." Nilikaa na lile daftari siku tatu. Nilitaja majina kwa sauti, nikasubiri mtu aandike. Mwisho nikaandika mwenyewe, kwa mwandiko wangu wa kuku.

Jumapili nikasoma. Nilipofika kwa mdakaji nikataja jina lako lote, na la ukoo. Watu wakasimama. Mrushaji wetu, mtu mwenye wajukuu, akaficha uso kwenye glavu. Lindiwe akanishika mkono, akasema kwa Kiswahili, cha kwanza tangu msiba: "Asante, Mama. Baba angefurahi." Nikawaacha wote wafikiri wanavyofikiri.

Wewe siwezi kukuacha hivyo. Ningetamani kukuambia kwamba ni mapenzi, au kwamba katika zile mechi mbili uliudaka hatimaye ule mpira wa chini uliozoea kukupita. Usingizi mwema, mume wangu, na magoti yapumzike. Vusi alihamia Polokwane kabla ya msimu kuanza, na mdakaji mwingine tuliyekuwa naye tulimwazima kutoka kwa wapinzani, naye hahesabiki.

Mkeo,
Mama Lindiwe