Kichwa Kimeamkaje, Bi Kofia?

Mwaka umezunguka, Bi Kofia, tangu ulipofumba macho pale wodini, na sisi huku nyumbani bado tunaogopa. Mtu akipiga chafya tu, bibi yako anaacha sufuria: "Nani huyo? Umetapika?" Chafya na kutapika wapi na wapi! Lakini ndivyo tulivyo sasa.

Maneno haya ni ya babu yako, shangazi yako ndiye anayeandika, maana mkono wa babu na kalamu havijawahi kupatana. Na shangazi yako unamjua kwa kukata watu maneno. Babu amemwambia leo asikate hata moja.

Ulikuwa bado wa kunyonya ulipopata homa ya uti wa mgongo. Homa ikaisha, tukashangilia, kumbe imeacha mambo. Kichwa kikawa kinakua kuliko mwili, utosi umevimba, macho yanaangalia chini tu. Jirani akasema huyu atakuwa na akili nyingi. Daktari ndiye aliyemweleza mama yako kwamba kila mtu ana maji kichwani, yanauzunguka ubongo halafu yana njia yake ya kutokea. Kwako ile homa imeziba njia, maji yanajaa, yanaubana ubongo. Wakakuwekea mpira mwembamba chini ya ngozi, kutoka kichwani, nyuma ya sikio, shingoni, mpaka tumboni, maji yashukie huko.

"Sasa daktari, si atajaa tumbo?" babu yako akauliza.

"Hapana mzee, mwili unayanywa," akacheka. Alipomaliza kucheka akasema neno ambalo nyumba hii haikulisahau: mpira unaweza kuziba, unaweza kuingia wadudu, siku yoyote ile, hata akiwa mama wa watu. Akiumwa kichwa asubuhi, akitapika, akisinzia ovyo, macho yakififia, msingoje.

Basi tukawa tunaishi tunakisikiliza kichwa chako. Kila asubuhi babu yako anasimama mlangoni: "Mke wangu, kichwa kimeamkaje?" Nawe unajibu: "Kimeamka kabla yangu, mume wangu mzee, kinadai chai." Bibi yako huko jikoni: "Mke mwenza, mwambie mumeo akachote maji kwanza!" Hapo ndipo moyo wa babu unaporudi mahali pake, siku inaanza.

Shule ilikusumbua, hesabu hasa, lakini mikono yako, we! Kofia ulizoea kuvaa kuficha ule uvimbe wa mpira, ukajifunza kuzishona, ukawa fundi. Ukawa unawapelekea watoto wa wodi ile ile uliyolazwa wewe. Uliwafundisha hata mafundi wenzako: mshono wa kofia usipite kamwe juu ya mpira wa kichwani, utamwumiza mtoto. Mama akilia pale, unavua yako na kuinamisha kichwa. "Shika hapa, mama. Usiogope, gusa. Na mimi nilikuwa hivi, na nina mume na mtoto."

Halafu ukaja ule msimu wa sare za shule. Uzi mweusi, kitambaa cheusi, chumba kizima cha mafundi kinalalamika macho na vichwa. Ukaanza kushindwa kutunga uzi kwenye sindano. Fundi mwenzako akakutania, "Karibu uzeeni, bibi!" Ukanunua miwani, ukaja nayo nyumbani unatembea kwa maringo, sote tukacheka. Nani angeogopa? Kwa mafundi, kichwa kuuma msimu wa sare ni kitu cha kawaida kabisa.

Na kila asubuhi uliendelea kujibu kwamba kichwa kinadai chai. Mumeo ndiye aliyekuja kutuambia baadaye, machozi yanamtoka, kwamba ile chai ilikuwa inarudi yote, na ulimwapisha asiseme. Uliogopa kisu, mama. Ulikuwa umeshapasuliwa, unakijua. Hatukulaumu. Sisi wenyewe tulikuwa tunaogopa kukuuliza mara ya pili.

Siku moja mafundi wenzako wakakukuta umelala juu ya cherehani. Walidhani umechoka, wakakuwekea kanga mabegani. Walipokuamsha hukuamka. Hospitali wakakimbia nawe, wakatoa maji, wakabadilisha mpira uliokuwa umeziba. Daktari alitoka, akavua kofia yake ya kijani, akaishika kwa mikono miwili. Babu yako alipoiona ile kofia mkononi alijua.

Sasa tukwambie habari ya mwanao, Kifungo. Mwezi uliopita aliamka kashika kichwa, analia, akatapika. Nyumba ililipuka! Bibi yako peku, mumeo shati kageuza, babu yako na fimbo yake mbele ya wote. Hakuna aliyesema tungoje. Pale hospitali daktari kijana akampima, akamwangalia macho, akamchungulia masikio.

"Ni sikio, wazee wangu. Lina usaha. Hana maji huyu, na mama yake aliyapata kwa homa, si ya kurithi."

"Angalia tena," babu yako akasema.

"Nimeangalia, babu."

"Angalia tena, mwanangu."

Akaangalia tena, Mungu ambariki. Ni sikio. Bibi yako akakaa chini palepale sakafuni, akacheka mpaka akalia.

Amepona. Kila asubuhi babu yako anasimama mlangoni kwake. "Mke wangu mdogo, kichwa kimeamkaje?" Anajibu kama wewe: "Kinadai chai." Lakini babu haondoki siku hizi. Anakaa hapo hapo mpaka aione chai imenywewa, na imetulia.

Wanaokukumbuka ni babu yako, mumeo mzee, bibi yako, mke mwenza, mama yako, mumeo, shangazi yako anayeandika, mafundi wenzako wote, na Kifungo, ambaye kofia yako inamfunika mpaka puani na hataki kuivua.

Maadamu kuna asubuhi, tutauliza, na tutakukumbuka.