Sakafu ya Chumba cha Kufulia

Mjukuu wangu Zuhura,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Hapa Chole tu wazima, ila macho yangu yanafifia. Mjomba wako amenikazania nihamie kwako, nami nimekubali.

Umeniuliza chumba chako cha kufulia ukitie chokaa au ukiache mchanga. Mama yangu alitaka chokaa. Baba akamtilia, ikapigwa mpaka ikang'aa, na mama hakutaka hata kuku apite. Kisha akashikwa na homa, na wa kwanza kuoshwa humo akawa yeye. Waosha wakatafuta pa kuchimba ufuo, lile shimo la kupokea maji ya maiti, wakakuta sakafu ngumu kila upande. Ikabidi baba aingie na mtaimbo aivunje, mama amelala chumba cha pili. Nilikuwa mdogo, nikamwambia, "Taratibu baba, utamwamsha." Akaendelea kupiga.

Wewe tia chokaa, mwanangu, nguo zisichafuke. Ila kando ya ukuta acha kipande cha mchanga, maji ya kufulia yatanywea humo. Kipime kwa urefu wangu. Usikizidishe, nimesinyaa siku hizi.

Ni mimi bibi yako.